Mizunguko Sita ya Koki

"Mbona wanamwaga maji hivyo?"

Hakuna aliyemjibu Bibi Koki. Jukwaa zima lilikuwa linaangalia wachezaji wakipasha misuli, yeye peke yake alikuwa anaangalia mabomba. Yalikuwa sita, yamesimama kando ya uwanja mkubwa, kila moja likitema maji kama mtu aliyeunguzwa ulimi na chai. Alihesabu moyoni. Dakika kumi nzima! Zulia la kijani, nyasi zile za bandia, liling'aa mpaka mawingu yakaonekana ndani yake.

"Hawa wana mto wao wenyewe, nini?" alimwambia dereva wa timu, aliyekaa ubavuni pake.

"Uwanja mkubwa, bibi. Hapa hata vyoo vinafungwa kwa ndani."

Bibi Koki alikuwa mtunza uwanja wa klabu ndogo ya wanawake wacheza mpira wa magongo. Kwa miaka kumi na saba alifagia zulia lao, akaokota majani, na kabla ya kila mazoezi akafungua koki kubwa ya kunyunyizia maji. Chumba alichopewa kilipakana ukuta kwa ukuta na pampu. Pampu ikinguruma, sufuria zake zilicheza rafuni bila kualikwa. Hakuwahi kusafiri na timu. Safari hii alilazimishwa na mjukuu wake, nahodha, beki ambaye uwanjani aliitwa Kufuli, kwa sababu hapiti mtu.

Hapiti mtu kwenye ligi, tuseme. Miaka mitatu mfululizo timu ilimaliza ligi ikiwa kileleni, na miaka mitatu mfululizo, ikifika kwenye mtoano katika uwanja huu mkubwa, ilianguka kifudifudi. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Redio ilisema wasichana hao wana miguu ya chuma na mioyo ya karatasi. Klabu ikaleta mtaalamu wa saikolojia, ambaye wachezaji walimpachika jina la Daktari wa Mawazo. Aliwalaza chali, akawafumbisha macho, akawaambia wajione wakishinda.

"Mimi nikifumba macho nalala," Bibi Koki alisema alipohadithiwa. "Huyo analipwa kwa usingizi wa watu?"

Lakini Kufuli hakucheka. "Uje uone mwenyewe, mke mwenza," alisema, maana hivyo ndivyo walivyoitana, wakigombea mume aliyekwisha kufa zamani. "Halafu uniambie ukweli. Naogopa au siogopi?"

Basi alikuja, na akaangalia. Hakuangalia uso, uso ni mwongo. Aliangalia magoti. Hayakutetemeka. Mpira ulikuja, Kufuli akainama vile vile anavyoinama kila siku nyumbani, gongo likashuka pale pale linaposhuka kila siku, na mpira ulikuwa umeshapita. Bao. Nyumbani mpira huja ukijivuta kama mtoto aliyetumwa dukani na usingizi machoni. Hapa uliteleza kama sabuni bafuni. Ukaja mwingine. Gongo likachelewa tena, kwa kiasi kile kile. Bao la pili.

"Kufuli la karatasi!" jukwaa likaimba.

Bibi Koki hakuwasikia. Mtu mwoga huchelewa ovyo ovyo, alijua hilo, aliwahi kuolewa na mmoja. Huyu mtoto alichelewa kwa kipimo, kama saa iliyobaki nyuma.

Kwenye basi la kurudi watu walikaa kana kwamba wamebeba maiti. Kocha alisimama mara moja tu. Marudiano ni Jumapili, alisema, uwanja ule ule. Kesho saa sita mchana atabandika orodha ya wachezaji, na Daktari wa Mawazo ameshauri nahodha apumzishwe. Kufuli aliangalia nje ya dirisha. Bibi alitaka kusema neno la kuchekesha, akalitafuta njia nzima, hakulipata.

Jioni, akinyoosha mkono kuchukua chupa ya chai rafuni, mkono ulimganda hewani.

Chupa ile nyekundu alizawadiwa. Miaka minne iliyopita kulikuwa na ukame, na meneja alimwambia, "Bibi, hiyo koki unayofungua mizunguko sita, fanya miwili." Akafanya. Mvua zikarudi, tangi likajaa mpaka likamwagika, hakuna aliyemwambia arudi kwenye sita. Naye hakuuliza. Mwisho wa mwaka aliitwa mbele za watu, akapigiwa makofi kwa kutunza maji, akakabidhiwa chupa. Mtu akishapigiwa makofi kwa miwili, nani atamrudisha kwenye sita?

Zulia la namna ile likiwa kavu, mpira huzubaa. Likilowa, hukimbia. Timu nyingine za ligi nazo zilikuwa na viwanja vikavu, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti mpaka mtoano, ambako wapinzani walizoea zulia lililolowa. Kocha alikuja mwaka wa pili, akadhani zulia limezeeka. Bibi Koki alihesabu miaka kwa vidole. Akahesabu tena kwa mkono wa pili, labda huo ungempa jibu jingine. Ulimpa lile lile.

Akafikiria pia chumba. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka nayo. Alimimina chai yake kikombeni, ikapoa bila kunywewa.

Asubuhi Kufuli aliingia bila kubisha hodi, jezi imekunjwa mkononi.

"Nairudisha kabla hawajaniomba," alisema. "Nadhani wanasema kweli, bibi. Mimi ni mwoga."

Alimwita bibi. Hakusema mke mwenza.

"Tangu lini?"

"Tangu waseme."

Bibi Koki aliinuka akaiendea rafu. Halafu akachukua kitambaa, akafuta chupa nyekundu, akaikumbatia na kutoka.

Ofisini walikuwepo watatu, meneja, kocha na Daktari wa Mawazo, na karatasi ya orodha katikati yao. Bibi aliweka chupa juu ya karatasi.

"Narudisha. Nimeshaiosha."

"Bibi, tuna kikao," meneja alisema.

"Naona. Mnajadili moyo wa mjukuu wangu, na mwenye makosa yuko nje anafagia." Akawaeleza ukame, mizunguko miwili, mvua, makofi. Hakujipunguzia hata neno moja.

Meneja alicheka, kisha akaacha. "Unamtetea mtoto wako tu."

"Namtetea, ndiyo. Kama ingekuwa hivyo tu ningelia, kulia ni rahisi na mimi ni hodari wa kulia. Hapa najishtaki."

"Unajua kile chumba ni cha mtunza uwanja?"

"Najua kilipo. Nalala humo."

Daktari wa Mawazo alivua miwani. "Hata hivyo, mama, woga upo. Nimewapima."

"Upo, mwanangu. Ukimwambia mtu kila mwaka kwamba ana homa, atatetemeka."

Kocha aliinuka. Alichukua gongo lililoegemea ukutani na mipira mitatu, akatoka. Mlangoni akageuka. "Bibi, fungua koki. Sita."

Mzunguko wa kwanza na wa pili ilikwenda kwa mazoea. Wa tatu ulikataa. Kutu ya miaka minne ilikuwa imejijengea nyumba pale. Bibi Koki aliisukuma kwa bega, akaitukana tusi ambalo si la kuandikwa, na koki ikaona haya, ikazunguka. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Pampu ilikohoa, ikanguruma, na maji yakapaa juu ya zulia lile lililosahau kuoga.

Kufuli, aliyeitwa aje na gongo lake, alisimama katikati, hakuelewa, ameloa mpaka kope. Kocha alipiga mpira. Gongo likashuka, mpira ulikuwa umeshapita. Meneja, mlangoni, chupa kwapani, alishusha macho kwenye karatasi aliyoishika.

Kocha akapiga wa pili. Ukapita. Kufuli aligeuka akauangalia ulivyokimbia mpaka ukutani. Kisha akaangalia zulia miguuni pake, akalisugua kwa kiatu. Akainua uso polepole kuelekea kwenye koki.

"Mke mwenza!" alipiga kelele. "Ulikuwa unanifanyia nini miaka yote hii?"

"Nilikuwa natunza maji!" Bibi alijibu.

Wa tatu ulikuja. Gongo lilishuka mapema kidogo, likaugusa mpira pembeni, ukaruka ukaenda zake.

"Tena," Kufuli alisema.

Kocha aliifuata mipira mwenyewe. Wachezaji wengine walikuwa wameanza kutoka vyumba vya kubadilishia nguo, mmoja mmoja, wakinyoosha viganja kwenye manyunyu kama watu wasioamini mvua. Nyuma ya ukuta sufuria zilikuwa zinacheza. Bibi Koki aliweka mkono juu ya koki, akasubiri aambiwe afunge.

Hakuna aliyemwambia.