Nukta ya Kijani

Saa tisa na robo, Ijumaa ya mwisho ya kuthibitisha viwanja, Latifa aliketi mbele ya mashine katika ofisi ya viwanja, Kasongo, na hakuwa na njia ya kujua kama imewaka. Aliinusa tu: plastiki iliyopata moto. Nje jenereta ilikoroma.

"Iko tayari, mama," alisema Clovis, karani. "Weka uso mu rondi, mu ule muviringo. Kisha fuata ile nukta ya kijani na macho. Inatembea mara tano. Leo asubuhi umekosa mara mbili. Ukikosa tena, sisteme inakufungia mpaka kesho."

"Na kesho?"

Hapakuwa na kesho. Saa kumi za siku hiyo ndizo zilizokuwa mwisho, na kiwanja ambacho mwenyewe hakukithibitisha kwenye tovuti kingehesabiwa hakina mwenyewe. Tangazo hilo lilisomwa msikitini, likasomwa kanisani, likapigiwa kelele sokoni. Latifa alilisikia kote huko, maana masikio yake hayakuwa na kasoro. Macho ndiyo yaliyoliwa na ugonjwa wa inzi wa mtoni, miaka ishirini na mitano iliyopita, alipokuwa akilima karanga kule Wamaza.

Nyumba yake haikuwa kasri, lakini udongo wa matofali yale aliukanyaga kwa miguu yake, akishika kamba ambayo mumewe alimfungia mtini ili asitumbukie shimoni. Karatasi ya kiwanja ilikuwa na majina mawili, la mume na lake. Mume alifariki mwaka jana, na watoto hawakujaliwa. Hata eda haijaisha, shemeji yake Kassimu alikuja kumwambia kwamba mke wa kaka na mali ya kaka hubaki ndani ya ukoo. Latifa akamjibu kwamba yeye si jembe, hata arithiwe. Tangu siku hiyo alimsikia jioni kandokando ya ua, akipima kiwanja kwa hatua.

Na msidhani Latifa alikuwa mama wa kukaa akisubiri huruma. Simu yake ilikuwa ya kusema: kidole kikigusa, inasoma. Alisoma nayo habari, akaandika nayo ujumbe, akawasomea hata majirani wenye macho mazima. Lakini akiifungua tovuti ya viwanja, simu ilisema tu, "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe." Kitufe cha nini? Wenye kuitengeneza hawakuvipa majina, na nukta yao waliinyima sauti. Aliwaandikia wakubwa wa jimbo, kule Kindu, kwa adabu zote, akiwaomba mambo hayo mawili. Baada ya miezi miwili jibu likaja: tovuti imerekebishwa, sasa ni ya watu wote. Waliongeza kitufe cha njano cha kukuza maandishi. Jean-Paul, mkuu wa ofisi, naye hakutaka kuachwa nyuma. Akachapisha ukurasa mzima kwa herufi nene na kuubandika ukutani karibu na mlango. Kipofu ameandikiwa kwa herufi kubwa! Wanaotaka kucheka na wacheke. Latifa siku hiyo alirudi nyumbani akilia kwa hasira.

"Mama," Clovis alinong'ona sasa, "chefu iko inje kwa telefone. Mi nitakuambia kwenye inaenda. Usigeuze kichwa. Macho tu."

"Utapata shida, mutoto yangu."

"Tufanye mbio. Kushoto."

Latifa aliyasukuma macho yake kushoto. Hakukumbuka tena macho husukumwaje. Alihisi misuli inauma nyuma ya pua, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

"Imekubali. Juu."

Akayapeleka juu. Jasho lilimtiririka shingoni. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Imekubali. Kuume. Polepole, mama, polepole... Imekubali. Chini." Clovis aliacha kupumua. "Ine! Mama, ine! Bado moja. Inaenda—"

Mlango ulifunguliwa.

"Clovis! Uko nafanya nini?"

"Namusaidia mama, chefu."

"Kumusomea ni kudanganya sisteme. Umesahau sheria? Mwenyewe, peke yake, mbele ya kamera."

Hakuna aliyesema nukta ya tano imeelekea wapi. Latifa aliyazungusha macho huku na huku, akiitafuta gizani.

"Imefunga," Clovis alisema.

Latifa hakuinuka. "Chefu Jean-Paul, mwenye kuona anaambiwa na macho yake. Mimi naambiwa na masikio. Uongo iko wapi?"

"Mama Latifa, sisteme haina upendeleo. Inauliza kila mutu kitu kimoja."

"Basi nipe daftari nitie kidole, kama zamani."

"Daftari tulifunga. Lakini usiwe na wasiwasi, iko njia. Mwenyewe akikosa mara tatu, sisteme yenyewe inafungua kitufe ya familia. Ndugu ya bwana anaweka uso yake."

Benchi la mlangoni lililia. Latifa alikwisha kuyasikia marashi yale ya shemeji yake tangu alipoingia, akajidanganya kwamba ni ya mtu mwingine.

"Shemeji," alisema Kassimu, "macho yangu ni macho yako. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

"Na jina itakuwa ya nani?"

Jean-Paul alifunua makaratasi. Mwishowe Clovis ndiye aliyejibu.

"Ya ule mwenye uso, mama."

"Basi muandike pale chini kwamba ameniazima macho tu. Nyumba ni ya Latifa."

"Hakuna nafasi ya kuandika," Jean-Paul alisema.

"Kama hakuna, sitaki. Mwenye nyumba niko mimi, na nimekataa."

"Kukataa kwako pia hakuna nafasi, mama. Saa kumi inakaribia. Pisha kiti, tafazali."

"Sitoki."

Alikunja vidole vyake chini ya mbao za kiti. Akili yake ilimwambia kwamba wakitaka kumtoa itawabidi wambebe, na wakimbeba atapiga yowe, na yowe litasikika hadi sokoni. Alijiandaa. Kifua chote kilikuwa kimejaa yowe hilo.

Hakuna aliyemgusa. Alisikia Jean-Paul akisema, "Muache, akae." Kisha mashine ikaburutwa juu ya meza, waya ukampitia kifundoni, na mashine ikageuzwa. Sasa hewa ya moto ya mgongo wake ilimpulizia usoni. Upande wa pili wa meza kiti kingine kilivutwa, na marashi yakaketi.

"Clovis," Latifa aliita.

Clovis alikuwa amesimama karibu sana. Alimsikia akirudi nyuma hatua moja.

"Usitikisike, papa Kassimu," alisema Jean-Paul kwa upole, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza. "Macho tu. Kushoto... muzuri. Juu. Bado tatu."