Nyayo Zinazopanda Kilima

"Hakuna picha chini ya jua inayoweza kunificha kitu," Zolin alimwambia shangazi yake. "Hii naisoma hata nimefumba macho."

"Yafumbue tu, baba," alijibu Shangazi Tlaco, mchoraji wa kijiji, mguu wake uliovunjika ukiwa juu ya mto. "Ukikosea kwenye kesi kule Texcoco, chemchemi inakwenda kwa majirani, na sisi tutakunywa umande."

Basi akaenda yeye, na binamu yake Necahual akabeba picha.

Mbele ya hakimu, karatasi ya gome la mtini ilitandazwa chini. Wasomaji wengine huizunguka wakifuata nyayo zilizochorwa. Zolin alisimama kama kigingi, akanyoosha fimbo, akaghani maneno aliyokariri tangu utotoni. Alighani vizuri, tusimnyime haki yake.

"Wazee wetu walishuka mlimani, wakafika chemchemini..."

"Ngoja, kijana," hakimu akamkatiza. "Hizo nyayo unazoonyesha zinapanda. Vidole vinatazama juu. Hao wanaondoka!"

Majirani wakaangua kicheko. "Kasema mwenyewe! Walihama!"

Zolin akapiga magoti na, kwa mara ya kwanza maishani, akaitazama picha ile kweli. Kumbe nyayo zilikuwa safu mbili! Moja ilishuka ikaishia kwenye nyumba za kijiji chao. Ya pili ilianzia chemchemini ikapanda hadi Kilima cha Kunguru, kwa majirani. Na pale ilipoanzia alipiga magoti kijitu kidogo kuliko punje ya hindi, mtungi mgongoni, mbele ya mwenye nyumba wa kijiji chao. Mdomoni mwake kilitoka kikunjo chembamba, alama ya mtu anayesema. Mwenye nyumba alikuwa amefungua kiganja. Ombi zima na jibu lake, katika nafasi ya ukucha! Lo, shangazi ana mkono wa kuchora!

"Hawa hawakuhama, Bwana Hakimu," alisema taratibu. "Ni majirani, wanarudi kwao na maji. Huyu hapa anayaomba, na huyu anampa. Nani huomba maji yake mwenyewe?"

Hakimu akainama mpaka manyoya ya kilemba chake yakagusa karatasi. Akacheka peke yake. Majirani hawakucheka tena, na chemchemi ikabaki ilipo.

Nyumbani, Zolin alikuwa amekwisharefuka kwa majivuno. "Fimbo niliiweka pale makusudi, shangazi. Nilikuwa nawatega."

"Makusudi?" Necahual alitua mzigo wake. "Shangazi, mwanao alikuwa amefumba macho."