Mlango wa Kifuani

Shangazi yangu haamini kitu. Utabiri wa hali ya hewa hauamini, matangazo ya sabuni hayaamini, hata saa ya ukutani hapo saluni kwake huitazama kama shahidi wa uongo. Lakini mwanamke huyohuyo alimlilia joka. Nilimwona kwa macho yangu, amekaa kwenye kiti cha wateja, miwani imemteleza hadi puani, kitabu mapajani, anafuta machozi kwa taulo la saluni. Nikamuuliza kuna nini. "Amekufa," akasema. Moyo ulinipasuka, nikadhani tumefiwa kwenye ukoo. Kumbe ni joka wa kwenye riwaya!

Tangu siku ile sikutulia. Mtunzi wa vitabu vile, ambaye pale saluni tunamwita Bwana Majoka, alikuwa amefanyaje? Amemtoa machozi mtu mgumu namna ile, kwa ajili ya mnyama ambaye hayupo, na shangazi mwenyewe anajua hayupo. Ujanja gani huo? Nikaazima vitabu vyake vyote nikavisoma kama fundi anayefungua redio ya watu kutazama sauti inatokea wapi. Nikachunguza anaanzaje sura, anaimalizaje, joka anamleta lini, mvua anainyesha lini. Halafu nikaanza kuandika na mimi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kusuka pale saluni nilikaa kwenye meza ya jikoni nikaandika majoka yangu. Na nilitaka kuandika vizuri kama yeye, niseme ukweli tu. Sikutaka kumkaribia. Nilitaka kuwa sawa naye.

Basi magoti ya shangazi yakaanza kumsumbua. Siku moja akaniweka kitako.

"Mwanangu, asubuhi siziwezi tena. Nataka saluni uwe unafungua wewe."

"Asubuhi? Shangazi, asubuhi naandika."

"Najua unaandika, sijapofuka. Ninachouliza ni kama kuna mtu atakayekaa akusikilize."

"Yupo," nikasema, ingawa sikumjua ni nani.

"Haya, nianze mimi. Hadithi yako ikinishika, asubuhi ni zako, nitatafuta msichana mwingine wa kufungua. Isiponishika, ufunguo nakukabidhi leoleo, na habari ya majoka tuifunge."

Nilikubali haraka, kwa kiburi. Shangazi hajui kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akisema kitu kibaya, ni kibaya, na akisema kizuri unaweza kulala usingizi. Nilimtaka hakimu wa namna hiyo.

Mteja wa mchana ule alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, ambaye kila akija kusukwa hulala kitini. Alikuwa na haraka, kwa hiyo tulimsuka wawili: shangazi upande wa kulia, mimi wa kushoto. Mistari inaanzia kwenye paji la uso, inapinda juu ya sikio, inakwenda kukutana kisogoni. Mikono yote ina kazi, hakuna wa kushika karatasi. Ilibidi nisimulie kwa mdomo.

"Haya, tega sikio," nikasema. "Katika nchi ya milima mirefu, paliondokea mfalme mwenye upanga uliokuwa ukiongea."

"Hiyo ya Bwana Majoka," akasema shangazi, macho hayajatoka kwenye nywele. "Kwake ilikuwa ngao. Endelea na nyingine."

"Joka mmoja mzee alikuwa analinda daraja."

"Ya Bwana, kitabu cha pili."

"Huyu wangu ni wa kijani!"

"Umempaka rangi. Nyingine."

Nikatoa ya mchawi asiye na kivuli. Ya Bwana. Nikatoa ya mapacha waliotenganishwa na mto. Ya Bwana pia, tena hapo nilikuwa nimeiharibu. Nesi alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Nilikasirika, na shangazi hakuwa na kosa, nilijikasirikia mwenyewe: asubuhi zote zile, kumbe nilikuwa nambebea mtu mkoba! Kwa hasira nikavuta msuko kuliko ilivyopasa, na nesi akazinduka.

"Jamani, taratibu! Kichwa ni changu," akalalamika. Kisha akajiweka sawa, akaongea macho ameyafumba. "Nimechoka mie. Kale katoto ka mwisho kalivyozaliwa, nikakawekea sikio kifuani. Moyo unagonga, unagonga, utadhani kuna mtu humo anataka afunguliwe." Akalala tena.

Mimi sikuendelea kusuka mara moja. Anataka afunguliwe? Afunguliwe nini? Na ni nani? Nikajikuta nataka kujua, vile unavyotaka kujua jirani wanagombania nini nyuma ya ukuta. Nikafungua mdomo bila kupanga kitu.

"Kuna mji," nikasema, "watu wake huzaliwa na mlango kifuani."

"Mlango wa nini?" akauliza shangazi.

"Wa mbao. Mtoto akizaliwa unakuwa mdogo kama ukucha, na unakua kadiri anavyokua."

"Una kitasa?"

"Unacho, ila hakuna anayekigusa. Ni mwiko. Na mji huo hauna daktari, una seremala. Masika mbao zikivimba, watu wote wanakohoa. Wazee wakipanda ngazi unasikia bawaba zinalia. Na watu wakipendana kweli, huyu humpaka mwenzake mafuta kwenye bawaba, basi, mambo yao yanaishia hapo."

Nikasubiri nisikie "ya Bwana." Haikuja. Sikuthubutu kumtazama. Nikaendelea, nasuka na kusimulia, na kila neno nililisikia mara ya kwanza pamoja nao.

"Kuna binti anayefagia vumbi la mbao kwa seremala. Siku moja anaosha vyombo, akasikia mlango unagongwa. Akaenda kufungua, hakuna mtu. Akarudi kwenye vyombo vyake. Ukagongwa tena. Akafungua, barabara nyeupe. Mara ya tatu akasimama katikati ya chumba, mikono imejaa povu, akainamisha kichwa. Mlango unaogongwa ni wa kifuani kwake. Na unagongwa kutoka ndani."

"Toba!" akasema nesi. Sijui alikuwa ameamka saa ngapi. "Afungue!"

"Afungue nini?" Shangazi akamjia juu. "Umeambiwa ni mwiko!"

"Na kama kuna mtu anakosa hewa humo?"

"Na kama ni jambazi?"

"Jambazi kifuani, shangazi?"

"Wewe tulia kichwa! Mwache mwanangu asimulie."

Nikaendelea. "Binti akauliza, 'Nani?' Na sauti ikamjibu kutoka ndani, taratibu, kwa adabu kabisa: 'Ni mimi. Mbona umenifungia nje?'"

Nesi akapeleka mkono kifuani kwake, nadhani hakujua kwamba anaupeleka. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama, maana sikuwa nimelijua jibu lile mpaka lilipotoka. Ndipo nikainua macho nimtazame shangazi. Alikuwa amesimama na chanuo hewani. Mstari wake, uliopaswa kupinda juu ya sikio, haukupinda popote. Ulikuwa umeshuka moja kwa moja hadi shingoni, na uliofuata ukaufuata, na wa tatu pia.

Nesi akajipapasa. "Shangazi, huku mbona kama barabara kuu?"

Shangazi akainama, akarekebisha miwani. "Nani kasuka hivi?"

"Si ni wewe mwenyewe," nikamwambia.

Akaitazama mikono yake, halafu mistari, halafu mimi. Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Akavuta stuli, akakaa, akaanza kufumua.

"Endelea," akasema.

"Siwezi. Sijui kinachofuata."

"Hujui vipi, na hadithi ni yako?"

"Haki ya Mungu sijui, shangazi. Sijui ni nani huyo, na kwa nini anasema yeye ndiye aliye nje." Yale majoka yangu yote nilijua yataishia wapi, maana mwisho wake niliwahi kuusoma. Huyu binti nilimwacha amesimama na povu mikononi, na nilimwogopea, na nilikuwa na furaha hadi nikaona aibu. Lakini nilikuwa na swali langu, na kulizuia sikuweza. "Niambie ukweli. Imefikia ya Bwana?"

"Bwana gani?" akauliza shangazi.

Hakuwa ananitania. Vidole vilikuwa vinafumua, lakini uso wake ulikuwa mbali, umekunjamana kama wa mtu anayesikiliza ukutani. Nesi akaanza kucheka. Mimi machozi yalinilengalenga, nikajidai natafuta kitana mezani.

"Huyo aliye ndani ni mtu mzima au mtoto?" shangazi akauliza.

"Sijui."

"Basi kesho asubuhi nisikuone hapa," akasema. "Kaa hukohuko jikoni kwako umuulize."