Safari ya Toroli Moja

Mimi na ndege ni chanda na pete. Watu wengine huzitazama zikipita juu, midomo wazi. Mimi nimezizoea kama mlango wa nyumba yetu. Ndivyo nilivyomwambia Bibi, na ndiyo maana akakubali kusafiri.

Mdogo wake anaishi mji wa pili, ng'ambo ya milima. Kwa barabara ni kutwa nzima ya mashimo, na mgongo wa Bibi haukutaka tena hata kusikia habari za basi. Miaka imepita wanasikiana kwenye simu tu. Ndege ipo, kadogo, ka viti vichache, lakini Bibi aliapa hapandi bila mtu aliyezoea.

"Ni mbali kiasi gani, mume wangu?" akaniuliza.

"Toroli moja tu."

Ngoja nieleze. Mimi ni mpakia mizigo kwenye kiwanja chetu. Ndege ikiondoka, naosha toroli. Nikimaliza kulikausha, mwenzangu wa kiwanja cha pili anapiga simu: imetua.

"Kumbe karibu," Bibi akasema. "Lakini nikikuona unaogopa, nashuka."

"Utashukaje, Bibi, na tuko juu?"

"Hilo niachie mimi."

Kuna jambo dogo sikulitaja: ndani ya ndege sikuwahi kufika zaidi ya mlango wa mizigo.

Tukapanda. Magurudumu yalipoacha ardhi, nikakamata kiti kwa mikono miwili. Bibi alikuwa ameganda dirishani. "Ona milima, mume wangu! Kama nguo zisizopigwa pasi!"

Mimi nimefumba macho, naosha toroli kichwani. Gurudumu hili. Gurudumu lile. Mpini. Ndege ikatikisika, nikasahau nilipofika, nikaanza upya. Mikono nayo ikadai kazi. Nikatoa kitambaa, nikawa nafuta chochote kilichokuwa mbele yangu, taratibu, kwa kuzungusha, kama kazini. Kilikuwa laini, kina joto. Sikujiuliza.

"Unafanya nini?" Bibi akaninong'oneza.

"Nasafisha, Bibi. Mazoea tu."

"Huogopi?"

"Nani, mimi?"

Hadi tunatua, nilikuwa nimeosha matoroli ya kiwanja kizima.

Bibi mdogo alikuwa anatungoja getini. Wale wawili wakakumbatiana, wakalia, wakacheka, wakaanza kubishana nani kazeeka zaidi. Nikafurahi kama vile ndege niliirusha mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wetu. Haya, dada yangu alikuwaje huko juu?"

"Wee! Alitetemeka kama kaloa mvua. Ikabidi nimshike mkono, nimwambie tulia, mimi nipo."

Bibi akanitazama, akatabasamu. Nikaona mambo yamekwisha salama.

Ndipo akatokea bwana mmoja mnene, begi mkononi. Nikamkumbuka: alikaa kiti cha mbele yangu, chenye mgongo mfupi. Kipara chake kilikuwa kinang'aa hadi ungeweza kujitazama ukachana nywele. Akaninyooshea kitambaa changu nilichokisahau ndani ya ndege.

"Kijana," akasema, mbele ya bibi zangu wote wawili, "kule juu nilikuhurumia, nikanyamaza. Lakini nyuma ya masikio hukufika."