Kibao Kisicholia

Ponsiano hakutaka makofi ya mtu. Alitaka sauti moja tu ya piano, na hiyo hiyo ndiyo aliyonyimwa.

Meneja Mzungu alipofungasha virago baada ya Azimio, piano ilibaki kwenye klabu ya shamba la mkonge, hapo Korogwe, na kibao chake kimoja, hata ukikibonyeza, hakilii. Ponsiano, mtoto wa mkata mkonge, akaitungia wimbo wa dansi ya chacha, "Justa wa Dindira". Sasa tazama mikosi: kibao kile kiliangukia pale pale jina la Justa linapoishia. Kila akifika hapo, kimya. Wachezaji wakaona kimya hakifai kukaa bure, wakakijaza kofi moja, pa! Mpaka Kang'ata huko, watu wakiuimba shambani walikuwa wakitua jembe ili wapige kofi hilo.

Ponsiano aliumia. Wimbo atunge yeye, halafu watu wasifu tundu lake!

Ikaja habari kwamba Jumamosi watu wa redio wanakuja kurekodi. Ponsiano akapanda Dindira kwa miguu, akambembeleza mzee Habakuki, fundi wa kinanda cha kanisa, siku mbili nzima mpaka akashuka naye. Mzee akakuta waya umekatika, akafunga mwingine. Kibao kikalia. Ponsiano naye nusura alie.

Jumamosi ukumbi ukajaa, mashine ikazunguka. Pale penye kimya sauti ikatoka, tamu kabisa, na makofi yakaiangukia. Nusu ya watu wakapiga, nusu wakasita, na Chausiku, mwimbaji, akapoteza mstari. Wakarudia mara ya pili na ya tatu, yakawa yale yale. Salimu, kiongozi wa bendi, akamwinamia.

"Ndugu yangu, kiache hicho kibao."

"Ndivyo nilivyoutunga, Salimu."

"Najua. Lakini sasa wimbo si wako peke yako."

Ponsiano akavirudia vibao kwa hasira. Akapiga mara ya nne, na pale penye sauti yake akanyanyua kidole. Pa! Mtu wa redio akasema hiyo ndiyo.

Mwezi uliofuata wimbo ukatoka redioni. Ponsiano alikuwa chumbani kwake, kanuna, ameapa kwamba yeye angalau ataitoa sauti ile kwa mdomo. Jina la Justa likafika mwisho. Mdomo ukasahau, mikono ikapiga kofi.

Akaitazama mikono ile kwa chuki. Kisha akaikalia, maana wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili.