Celina Ajibu Mbele ya Mgeni

Kosa lilikuwa la wachumi wenyewe. Walikaa wiki nzima wakipanga namna ya kumtahini Celina Mroczek bila Wajerumani kujua, wakapima kila kitu: nyumba ipi, nani aingie kwanza, kila mmoja apite mtaa gani. Wakachagua siku ambayo shangazi yake, Mama Tekla, husherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake, ili watu kukusanyika mezani kusimshangaze mtu. Walichosahau ni jambo ambalo kila mtoto wa Warshawa analijua. Siku ya jina la mtu hakuna anayealikwa. Anayeikumbuka anakuja.

Celina alikuwa ndiyo kwanza amefungua kinywa mlango ulipogongwa.

Aliisubiri alasiri hii tangu Wajerumani walipokifunga chuo kikuu, na tangu nakala ya kwanza ya tasnifu yake ya udaktari ilipoungua pamoja na nyumba ya wazazi wake. Nafasi nyingine haikuwepo. Profesa Ostaszewski, aliyemfundisha, alikuwa anatafutwa na Wajerumani, na alfajiri angeondoka mjini. Siku hizo za vita jopo lilikuwa watu wawili tu, yeye na mpinzani wa hoja, Dakta Leonard Kiernik. Na Kiernik alikuja kwa sharti.

"Simpi mtu shahada kwa huruma," alikuwa amesema akivua koti. "Tukianza kuzigawa kwa sababu ya vita, basi chuo tumekifunga wenyewe. Wajerumani watakuwa wametusaidia tu."

Sasa mlangoni alisimama Walenty Gajda, mlinzi wa jengo, nywele kazilowesha na kuzichana, mkono mmoja maua, mkono mwingine chupa ya gongo. Alianza kazi kiangazi hicho, baada ya mlinzi wa zamani kuchukuliwa usiku na polisi, na hakuna mpangaji aliyejua yuko upande gani. Kilichojulikana ni kwamba kazi yake mojawapo ilikuwa kuwapelekea polisi majina ya wageni.

"Mama Tekla, Mungu akupe miaka mia," alisema, akambusu mkono. "Nikasema mjane wa watu asikae peke yake siku kama ya leo. Kumbe hayuko peke yake."

"Karibu, Bwana Gajda. Keki ni ya karoti, na usiniulize ina mayai mangapi."

Akaketi katikati ya wanajopo wawili. Akamimina gongo, akamkagua kila mmoja kwa zamu, taratibu.

"Nimewakatiza. Endeleeni, endeleeni."

Kiernik, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, akasema, "Bi Celina alikuwa anatusimulia habari za mji wa Łódź."

Celina alimtazama, akaelewa. Mtihani haukuahirishwa. Ulikuwa umeanza.

"Nilikuwa nasema," alianza, na sauti ikamtoka nyembamba, "ile miaka kazi zilipokuwa haba. Wenye viwanda vya nguo walikata mishahara ili waokoke. Mimi naona ndicho kilichowazamisha. Mfumaji aliyekatwa mshahara hanunui viatu. Fundi viatu naye hanunui shati. Na shati ndilo walilokuwa wanalifuma."

"Mimi namjua aliyekata mishahara akanenepa," alisema Kiernik. "Aliuza rahisi kuliko jirani zake. Huyo utamweka wapi?"

Celina alimgeukia mwalimu wake, kama alivyozoea miaka yote anapobanwa. "Profesa, si..."

Akajikatiza. Alikuwa amechelewa. Gajda aliweka glasi chini.

"Profesa nani?"

"Huyu hapa," alisema Kiernik, akimnyoshea Ostaszewski uma. "Ndivyo tunavyomwita. Anajua kila kitu duniani isipokuwa kuwasha jiko. Muulize mkewe."

"Jiko lile lina kasoro," alinung'unika Ostaszewski.

Gajda alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Basi mjibu mwenzio, binti," alisema. "Nami nasikiliza."

Celina alishika ukingo wa meza. "Ukiamka saa moja kabla ya wenzako, unapata mkate. Si ndiyo? Sasa mtaa mzima ukiamka saa moja kabla, mkate ni uleule, na wote mmekosa usingizi. Aliyekata mshahara peke yake alinenepa kwa sababu wafumaji wa wengine bado walikuwa na cha kununulia. Wote walipomwiga, hakubaki mnunuzi."

"Na bei za nguo zikishuka sawa na mishahara? Mfumaji amepoteza nini?"

"Hazikushuka sawa. Mshahara ulikatwa Jumamosi moja. Bei zilijivuta miaka miwili, maana wenye viwanda wakubwa walikubaliana kuzishikilia. Na madeni ya watu hayakushuka hata kidogo."

Kiernik hakutikisa kichwa wala kukunja uso. Alikata kipande cha keki, akakiacha. Gajda alijimiminia gongo nyingine.

"Kwa dada yangu siku ya jina watu husengenya," alisema. "Nani kalala wapi, nani kauza mazulia ya mama mkwe. Ninyi mnazungumza mishahara ya Łódź. Na huyu bwana anamhoji binti kama yuko kituoni."

Profesa aliweka mkono juu ya kofia yake iliyokuwa magotini. Celina alidhani ndiyo mwisho.

"Bwana Gajda," alisema Mama Tekla, "una macho lakini huoni. Leonard huyu alifiwa na mke. Mtoto wa kaka yangu ana miaka ishirini na tisa. Unadhani keki hii nimejipikia mimi?"

Kiernik aliiva uso mpaka shingoni, na hakuna mwigizaji ambaye angeweza kufanya vizuri zaidi.

"Aaa," alisema Gajda, akaegemea kiti. "Kumbe ni mposaji. Anaogopa kuoa mjinga. Binti, usimwache akukalie. Haya, bwana, uliza."

Kiernik alikunywa gongo yote kwa mkupuo mmoja, akafuta mdomo. Alipouliza, hakukuwa na mzaha wowote katika sauti yake.

"Na kiwanda kinachouza nguo zake Romania? Mnunuzi wake si mfumaji wake. Akikata mshahara, Mromania haumii. Anauza zaidi, anaajiri zaidi. Nadharia yako iko wapi hapo?"

Profesa aliinamisha macho. Alikuwa amemwonya Celina juu ya shimo hili tangu majira ya baridi, naye aliliziba kwa kurasa tatu za maneno mazuri katika sura ya tatu. Angeweza kuyasema sasa. Aliyajua kwa moyo.

"Huko anapata," alisema Celina. "Ni kweli."

"Kwa hiyo umekosea."

"Kwa huyo, nimekosea. Mpaka Wacheki, wanaouza hukohuko, nao wakate mishahara yao kumfuata. Hapo anarudi alipoanza, na wafumaji wa nchi mbili hawana viatu. Lakini ule muda wa katikati, kabla hajafuatwa, sijui unachukua mwaka au miaka kumi. Sikuufikiria vya kutosha. Sitakudanganya."

Gajda alipiga mluzi. "Mwanamke anakiri kosa mezani. Bwana, oa kesho."

"Angenishinda kila siku kabla ya kifungua kinywa," alisema Kiernik.

Mlinzi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasimama, akafunga vifungo vya koti, na uso ukabadilika.

"Mchana walikuja polisi wawili," alisema, akiitazama keki. "Wakauliza ngazi hii ina wageni gani. Nikasema kuna siku ya jina. Wakasema watapita jioni kuonja. Nikaona nije nijionee, maana nikisema uongo, nachukuliwa mimi." Akavaa kofia. "Nimeona keki. Nimeona mposaji. Nitawaambia hivyo. Lakini ningekuwa mgeni humu, ningeenda kulala mapema."

Akaondoka. Hakuna aliyejua kama wameonywa au wametegwa.

Profesa alikuwa ameshasimama. "Celina, nenda. Tutamalizia vita vikiisha."

"Mtahiniwa akae nje," alisema Kiernik bila kuinuka. "Jopo linajadiliana."

"Leonard, una wazimu?"

"Nilisema simpi kwa huruma. Sasa unataka nimnyime kwa hofu?"

Celina alikwenda jikoni. Mama Tekla alifunga mlango, akaanza kuosha glasi ya Gajda, akaiosha tena. Kupitia ukutani zilisikika sauti mbili, ya Profesa chini, ya Kiernik juu zaidi: sura ya tatu, sura ya tatu. Huko barabarani gari lilipunguza mwendo. Mama Tekla alishika glasi ikidondosha maji. Gari likaongeza mwendo, likapita.

"Vuta pumzi, mwanangu," alisema.

Mlango ulipofunguliwa, wote wawili walikuwa wamevaa makoti, wamesimama wima.

"Sura ya tatu ni dhaifu," alisema Kiernik. "Kurasa zile tatu hazina kitu, na ulikuwa na akili ya kutozisoma mbele yangu. Utaiandika upya." Akasafisha koo. "Kura mbili za kukubali. Ya kukataa hakuna."

Hapakuwa na karatasi ya kutia saini, maana karatasi iliua watu. Profesa aliushika mkono wa Celina, akauinamia, akaubusu. Mama Tekla akamsukuma Profesa kuelekea ngazi ya nyuma, iliyoshukia uani.

"Wewe pita mlango wa mbele, Daktari," Kiernik alimwambia Celina kwa sauti ya chini. "Polepole. Anayetoka kwenye sherehe hakimbii."

Alishuka ameshika kishikio cha ngazi. Huko chini lango lililia, na sauti ya Gajda ikajaa kwenye ngazi nzima, kubwa kuliko ilivyohitajika. "Vipande vitatu nimekula, mabwana, na mposaji mwenyewe mwekundu kama nyanya..." Wanaume wawili wenye makoti ya ngozi walikuwa wamesimama mbele yake, naye amewazibia njia kwa mwili na hadithi yake. Mmoja aliinua macho, akamtazama Celina tangu viatu mpaka nywele. Celina alimwitikia kwa kichwa, kama msichana mwenye haya, jambo ambalo hakuhitaji kuliigiza. Akapita.

Alisimama kituo cha tramu, akaiacha ya kwanza ipite, na ya pili. Ndipo upande wa pili wa barabara, kutoka uchochoroni, ikatokea kofia ya Profesa, ikavuka bila haraka, ikapotea kwenye umati wa watu waliorudi makwao.

Celina aliegemea nguzo ya kituo. Alingoja machozi, hayakuja. Badala yake akajikuta anafikiria Romania: walinunua nguo za nani mwaka ule, kwa bei gani, na mjini humu ni nani aliyebaki ambaye angeweza kujua.