Kaka wa Leseni

Mtaa mzima ulimwita Spana, na jina lilimkaa. Pasi iliyokufa, kufuli lililogoma, cherehani inayokula uzi, vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vizima. Kilichomshinda kilikuwa kimoja tu, nacho hakikuwa na skrubu hata moja: programu iliyokuwa ndani ya kompyuta ya mkewe.

Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa chuma. Dirishani ilikaa mashine ya kudarizi, mali yao halali, waliyoinunua kwa kujinyima. Mke alichora nembo za shule na hospitali kwenye kompyuta, mashine ikazishona kwenye mifuko ya mashati. Ila programu ya kuchorea haikuuzwa, ilikodishwa. Kila mwaka leseni iliisha na kila mwaka ilibidi ilipiwe upya, na juu ya leseni kulikuwa na dubwana jingine lililoitwa ada ya huduma. Usipolipa, michoro yako uliyoitolea jasho utaishia kuyaona majina yake tu. Kuifungua, hufungui.

"Mimi nikikuuzia nyundo," Spana alimwambia dada yake, aliyekaa mlangoni akipunguza nyuzi kwenye mashati, "nitakuja kila mwaka kukudai kwa sababu bado unapigilia misumari?"

"Ungekuwa na njia, ungekuja," dada yake alimjibu. "Wewe nakujua."

Lakini tuseme ukweli, ada siyo iliyomkosesha Spana raha. Ilikuwa sauti. Anayelipa huduma alikuwa na haki ya kupiga simu akasaidiwa, na aliyepokea simu zao siku zote alikuwa mwanamume mmoja yule yule. Mke alimwita kaka wa leseni. Spana naye alimwita hivyo hivyo, ila akilitamka utadhani anatema mbegu ya limau.

Zamani simu hizo zilikuwa fupi. Mwaka huu zilirefuka. Mke alijiinamia mbele ya kompyuta, simu ameibana kati ya sikio na bega, akicheka kicheko ambacho Spana alidhani kilishakwisha tangu mtoto wao wa mwisho aanze shule. "Taratibu basi, sijazoea," alimsikia akisema. Na siku nyingine, kwa sauti ya chini: "Hapana, mume wangu hajui."

Mume wangu hajui! Spana alikuwa amelala chali chini ya mashine, mafuta yanamdondokea shavuni, na hakukumbuka hata kuyafuta. Alijivuta akatoka na kusimama mbele ya mkewe. Mke alikuwa ameshakata simu, anajikanda kiganja.

"Baba watoto, afadhali umetoka," alisema. "Huu mkono wangu..."

"Kwanza niambie, alikuwa anachekesha nini?"

"Nani?"

"Huyo huyo."

Mke aliacha kujikanda kiganja. "Basi," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Tangu siku hiyo Spana hakuwa na kazi nyingine ila kuchunga. Aliuona uso wa mkewe unavyong'aa simu ikiita. Aliona hereni ndogo masikioni, akajiuliza ni nani huyo anayevaa hereni kwa ajili ya simu. Akili ilimwambia mkewe amevaa hereni hizo miaka yote. Wivu ukamwambia akili nyamaza. Alichelewa kulala akimchora moyoni huyo kaka wa leseni: mrefu, shati jeupe lisilojua doa la grisi, kucha safi. Alizitazama kucha zake mwenyewe akazikunja.

Halafu likaja la chai. Alimpelekea mkewe kikombe, kama alivyozoea, na mke alikipokea kwa mkono wa kushoto. Hakuinua hata uso. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpokea kitu kwa mkono huo, awe amekasirika, awe anaumwa.

"Umeona?" Spana alimnong'oneza dada yake mlangoni. "Kanipokea kwa kushoto. Mimi! Heshima imekwisha ndani ya nyumba hii."

"Kaka, huo ni wivu. Muulize wifi yangu amekuwaje."

"Nimuulize ili anidanganye?"

"Basi endelea kutafuna moyo wako mwenyewe," alisema dada, akakata uzi mwingine.

Hata kipanya cha kompyuta kilimkera. Kila jioni alipofunga karakana alikikuta kimekaa kushoto mwa kibodi, na kila jioni alikirudisha kulia, kwa sababu fundi ni mtu wa kila kitu mahali pake. Asubuhi mke alikihamisha. Hawakuambiana neno juu ya hilo.

Ujumbe wa kuhuisha leseni ulipokuja, mke alikuwa anajiandaa kwenda kununua nyuzi. "Tafadhali nilipie hiyo kabla haijafunga," alimwambia mumewe, akatoka. Spana alikaa mbele ya kioo cha kompyuta. Leseni ilikuwa juu, huduma chini yake, na pembeni ya huduma kulikuwa na neno moja tamu: Sitisha.

"Yaani tunalipa," alisema kwa sauti, "ili mwanamume mwingine aongee na mke wangu."

Alilipia leseni, akasitisha huduma. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika. Hajawahi kuwa na hakika kama siku ile. Kulikuwa na maandishi madogo chini, marefu, ambayo hakuyasoma, kwa maana nani huyasoma? Mke aliporudi alimwambia, "Nimemaliza," na kwa upande wake huo haukuwa uongo.

Asubuhi ambayo huduma ya zamani ilifika mwisho, meza ilikuwa imejaa mashati ya chuo cha uuguzi. Wanafunzi walikuwa wanahitimu kesho yake. Mke alifungua programu, nayo ikajifunga usoni pake. Akafungua tena, ikajifunga. Leseni bila huduma, kumbe, ilikuwa kama mguu mmoja wa suruali. Alipiga simu, na badala ya kaka wa leseni ilimjibu sauti ya mashine: huduma hii imesitishwa na mteja.

Aliiweka simu mezani polepole. "Si ulilipa?"

"Labda mtandao," alisema Spana, akaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

Mke hakubishana. Alijitanda nguo yake, akaenda chuoni kuwaomba wamvumilie, kwa sababu chuo hicho kilikuwa mteja wao mkubwa na kikiondoka, mashine ile dirishani ingegeuka meza ya kuwekea vyombo. Spana alimwona akikata kona, mabega yameshuka. Hapo ndipo moyo ulipomchoma. Alilipa ile huduma kwa simu yake, upesi, akaandika kwamba yeye ni mume na programu imegoma, na haukupita muda simu ikaita.

"Habari za kazi, shemeji!" ilisema sauti. Ilikuwa nzuri, tena nzuri kuliko alivyoogopa.

"Shemeji kwa ukoo gani?"

"Mkeo ni dada yangu, ananiita kaka. Sasa wewe nikuiteje? Haya, kaa hapo, nikusaidie. Unaona nini mbele yako?"

Spana alieleza anachoona. Mtu yule alisubiri. Alipokosea hakumkatiza, alimwacha afike mwisho, kisha akamuuliza tena. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amuulize Spana jambo akakaa kusubiri jibu. Alifungua kwenye kioo dirisha lisilohusika, sauti ikasema, "Hiyo sasa umenifungulia kikokotoo, shemeji, unataka kunipigia hesabu ya mahari?" na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia. Dada yake mlangoni aliinua kichwa akamkodolea macho.

Hatimaye programu ikafunguka, na nembo ya chuo ikatokea. Lakini kila Spana alipobonyeza, kilifanyika kitu kingine.

"Kipanya kimekataa," alisema.

"Umekishika kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Kuna mwingine?"

"Ahaa! Kihamishie kushoto. Humo ndani ya programu nilimgeuzia dada vitufe vya kipanya, tangu mkono wake wa kulia ulipoanza kufa ganzi. Siku za kwanza maua yake yalikuwa yanatoka kama buibui, tulicheka jamani! Nikamwambia dada, hili mwambie shemeji, usilifiche. Sasa mkono unaendeleaje? Daktari alisemaje?"

Spana aliutazama ule upande wa kushoto wa kibodi. Mbao ya meza pale ilikuwa imeanza kung'aa kwa kusuguliwa.

"Anaendelea vizuri," alijibu. Maana mume gani atamuuliza mwanamume mwingine habari za mkono wa mkewe?

Mke aliporudi, mashine ilikuwa inanguruma na mashati ya kwanza yalishatoka. "Wamekubali mpaka jioni," alisema, kisha akaiona kompyuta, na kipanya kilipokaa. Spana alimletea chai. Alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Aliyesitisha ni mimi," Spana alisema.

"Najua. Simu ilisema ni mteja. Wateja ni mimi na wewe, na mimi sikusitisha."

"Mkono unakusumbua tangu lini?"

Mke alikiweka kikombe. "Kaka wa leseni kakwambia."

"Yeye."

"Nilianza kukwambia siku ile uliyotoka chini ya mashine. Ukaniuliza alikuwa anachekesha nini."

Wivu haukumtoka Spana, ulizidi, kwa kuwa sasa alijua hasa ni kitu gani yule mwingine alipewa. Alivuta kigoda, akaketi, akauchukua mkono wa kulia wa mkewe kwa vidole vyake vyenye grisi, akabonyeza ncha ya kidole gumba.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

Akahamia kinachofuata. "Na hapa?"

"Hapana, baba watoto."

Mlangoni, dada yake aliinamia nyuzi zake. Spana akashika kidole cha tatu.